C. T. Studd: Mwanafunzi, Mchezaji na Rafiki



Jumapili moja tulipotoka ibadani, mzazi mmoja wa hapa Tosamaganga alinishika mkono akanivuta pembeni. Kijana wake yuko chuoni Iringa mjini, mwaka wa pili. Amechaguliwa kuchezea timu ya chuo, na tangu siku hiyo likizo haji nyumbani kwa sababu ya mashindano, na matokeo yake ya mitihani yameshuka. Mzazi yule alitaka kujua kama amkataze mpira. Kwa kuwa nimekuwa mwalimu miaka mingi, alidhani jibu ninalo mfukoni. Sikuwa nalo. Nilimwomba anipe muda, na katika muda huo nikarudia kusoma maisha ya Bwana Charles Thomas Studd, ambaye wengi humwita C. T. Studd. Alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu, mchezaji aliyejulikana kote Uingereza, na hatimaye mjumbe wa Injili katika misitu ya Kongo, jirani zetu. Leo nawasimulia niliyoyapata, mazuri yake na machungu yake.

Charles alizaliwa tarehe 2 Desemba 1860 huko Spratton, Uingereza. Baba yake, Edward Studd, alipata utajiri mkubwa katika mashamba ya India, akarudi kwao kuishi kama bwana mkubwa, akipenda sana farasi wa mashindano. Kisha mhubiri Mmarekani Dwight Moody alifika London kuhubiri, naye Edward akaenda kumsikiliza, akaokoka. Aliacha farasi wake, akaifanya nyumba yake kubwa kuwa mahali pa kuhubiria. Hakuishi muda mrefu baada ya hapo.

Wanawe watatu, Kynaston, George na Charles, walikuwa wanasoma Eton, shule ya bweni ya watoto wa matajiri. Siku moja wakiwa likizo, mgeni wa baba yao alizungumza na kila mmoja peke yake, na kila mmoja akaamua kumfuata Kristo. Lakini waliporudi shuleni, hakuna aliyemwambia ndugu yake. Walicheza pamoja, walikula pamoja, wakanyamaza. Mpaka barua moja ilipokuja kutoka nyumbani, imeandikwa kwa wote watatu, ndipo walipotazamana na kujua kwamba wote wamepita njia ile ile. Naomba tuikumbuke barua ile, maana huko mbele tutaona jinsi ukimya wa namna hii ulivyomsumbua Charles.

Mchezo wao ulikuwa kriketi. Wengi wetu huku nyanda za juu hatujauona, kwa hiyo nieleze kidogo. Mrushaji hurusha mpira mdogo mgumu kuelekea vijiti vitatu vilivyosimamishwa chini, vinavyoitwa wiketi. Mpigaji husimama mbele ya vijiti hivyo na gongo bapa, akivilinda. Akiupiga mpira mbali, yeye na mwenzake wa upande wa pili hukimbia kubadilishana nafasi, na kila mkimbio huhesabiwa. Vijiti vikiangushwa, au mpira aliopiga ukidakwa hewani, mpigaji hutoka. Kuna sheria moja zaidi ambayo nitairudia: mrushaji hurusha mipira michache tu, zamani zile huko Uingereza ilikuwa minne, kisha ni lazima mwenzake arushe kutoka upande wa pili. Hata uwe hodari namna gani, hairuhusiwi kurusha zamu mbili mfululizo. Lazima umpishe mwenzako.

Mwaka 1877 ndugu wote watatu walikuwa katika timu moja ya Eton, na mwaka 1879 Charles akawa kapteni wake. Kisha akaingia Chuo cha Trinity katika Chuo Kikuu cha Cambridge, akaichezea timu ya chuo kikuu miaka minne mfululizo, tangu 1880 hadi 1883. Mwaka 1882 timu hiyo ya wanafunzi iliishinda timu ya Australia, ambayo ilikuwa tishio siku zile. Ndugu wote watatu walicheza, na Charles peke yake alipata mikimbio 118. Msimu ule alipata jumla ya mikimbio zaidi ya 1,000 na kuwatoa wapigaji zaidi ya 100. Kabla yake ni mtu mmoja tu, W. G. Grace, aliyewahi kufanya hivyo katika msimu mmoja. Mwaka uliofuata Charles alifanya tena. Ukapteni wa timu ya Cambridge ulipita kwa ndugu hawa watatu kwa zamu: George mwaka 1882, Charles mwaka 1883, Kynaston mwaka 1884.

Mwezi Agosti mwaka 1882 aliitwa kuchezea Uingereza dhidi ya Australia, katika uwanja wa Oval, London. Uingereza ilihitaji mikimbio 85 ili kushinda. Mambo yakaharibika. Charles, ambaye angeweza kuwaokoa, aliwekwa nyuma katika orodha, wa kumi. Alipoingia, ilibaki mikimbio 10. Alisimama upande wake akisubiri mpira umfikie, lakini hakupata hata mmoja. Mwenzake wa mwisho, Peate, ambaye sifa yake ilikuwa kurusha wala si kupiga, hakutulia ili ampishe Charles. Alijaribu kupiga mpira kwa nguvu zote, akautoa mchezo. Uingereza ikashindwa kwa mikimbio 7. Husimuliwa kwamba Peate alipoulizwa, alijitetea kwamba hakuwa na imani kuwa Bwana Studd angeweza. Siku ile mchezaji bora wa nchi alisimama mikono mitupu kwa sababu mwenzake hakumwamini.

Baada ya hapo gazeti moja la Uingereza lilitania kwamba kriketi ya nchi imekufa, na majivu yake yatapelekwa Australia. Kwa hiyo timu ikaundwa chini ya Ivo Bligh kwenda kuyarudisha. Charles na George wakapanda meli. Walishinda michezo miwili kati ya mitatu, na chombo kidogo cha majivu walichopewa kimekuwa maarufu hadi leo.

Sasa, ndugu zangu, tuangalie upande wa pili wa sifa hizo. Safari ile ilichukua miezi mingi ya mwaka wa masomo. Wenzake walipokuwa darasani na maktabani, yeye alikuwa baharini na viwanjani. Alipata shahada yake mwaka 1884, lakini jina lake halikuvuma kwa masomo. Tena, Novemba 1882, Moody yule yule aliyemgeuza baba yao alikuja kuhubiri Cambridge, kwa mwaliko wa wanafunzi Wakristo wakiongozwa na kaka yake, Kynaston. Siku za kwanza wanafunzi walizomea na kupiga kelele. Siku za mwisho wengi walitubu. Charles hakuwapo.

Mwenyewe baadaye alikiri kwamba miaka ile imani yake ilipoa kabisa. Hakuwa mlevi wala mhuni. Alikuwa kijana mpole, mwenye nidhamu, aliyependwa na wachezaji wenzake. Lakini kama vile Eton, alinyamaza. Marafiki walimzunguka kila siku, na wala hakuwaambia jambo lililokuwa kubwa kuliko yote moyoni mwake. Mpira ulikuwa umechukua asubuhi, mchana na jioni, na hata urafiki ulikuwa wa uwanjani tu. Wakati huo huo Kynaston alisoma na kucheza katika timu ile ile, tena akapata nafasi ya kuwakusanya wanafunzi wenzake kwa maombi. Hapo ndipo nilipoanza kuona kwamba mpira wenyewe haukuwa na kosa.

Mwishoni mwa mwaka 1883 George aliugua sana, akakaribia kufa. Charles alikaa kando ya kitanda chake usiku na mchana. Akimtazama ndugu yake, aliona kwamba sifa zote za uwanjani hazikuwa na uzito wowote katika chumba kile. George alipona. Charles akaenda kumsikiliza Moody, akaamka upya. Na jambo la kwanza alilofanya ni kuvunja ukimya: aliwachukua marafiki zake wa kriketi, Ivo Bligh akiwa mmoja wao, akawapeleka mkutanoni. Urafiki wa uwanjani ukapata mlango wa pili.

Hazikupita siku nyingi akaamua kwenda China. Nyumbani palikuwa na kilio. Mama yake alihuzunika, na hata Kynaston, mtu wa maombi, aliona kwamba ndugu yake anakosea. Charles hakurudi nyuma. Wakaungana saba: yeye, Stanley Smith aliyekuwa kiongozi wa wapiga makasia wa Cambridge katika shindano la mwaka 1882, Montagu Beauchamp, William Cassels aliyekuwa mcheza soka, Dixon Hoste aliyekuwa ofisa wa jeshi, na ndugu wawili, Arthur na Cecil Polhill-Turner. Watu wakawaita Saba wa Cambridge. Kabla ya kuondoka walizunguka vyuo vya Uingereza na Scotland, na wanafunzi walijaa kumbi kuwasikiliza, maana hawakuweza kusema kwamba hawa ni watu dhaifu walioshindwa maisha. Waliondoka London Februari 1885. Cassels baadaye akawa askofu wa kwanza wa Kianglikana wa China Magharibi.

Huko China, Charles alipofikisha miaka 25 alipewa urithi wake wa baba, paundi zaidi ya 25,000, mali nyingi mno kwa siku zile. Aliigawa yote kwa kazi ya Mungu na kwa maskini. Alibakiza sehemu kwa ajili ya Priscilla Stewart aliyekuwa anamwoa, naye bibi arusi akakataa, wakaitoa nayo. Walioana mwaka 1888, wakapata mabinti wanne waliokua. Walitumika China mpaka mwaka 1894, kisha Charles akawa mchungaji huko India Kusini tangu 1900 hadi 1906, akiwa mgonjwa wa pumu mara kwa mara.

Mwaka 1913, akiwa na umri wa miaka 52 na madaktari wakimkataza, alikuja Afrika. Alifuatana na kijana mmoja tu, Alfred Buxton, mwanafunzi wa Cambridge aliyeacha masomo ya udaktari, na aliyekuwa mchumba wa binti yake Edith. Walipitia Uganda, wakavuka Ziwa Albert, wakaingia kaskazini mashariki mwa Kongo. Mzee na kijana walilala hema moja, waliuguzana homa, wakajifunza lugha pamoja. Alfred aliugua, Charles akamtunza. Charles alikaribia kufa, Alfred akamtunza. Mwaka 1916, baada ya kwenda Uingereza kutafuta watenda kazi, Charles alirudi Kongo, na hakuiona Uingereza tena. Alikaa Nala, kisha Ibambi, katika nyumba ya miti na udongo. Watu walimwita Bwana Mukubwa. Alitafsiri Agano Jipya kwa Kingwana, yaani Kiswahili cha Kongo. Makanisa yakaota msituni, na umati wa watu ulitembea siku nyingi kuja kumsikiliza.

Wasomaji wangu, ningeweza kuishia hapo, na wengi wanaosimulia maisha yake huishia hapo. Lakini kijana wa kweli hufaidika na ukweli wote. Mzee Studd alifanya kazi tangu kabla ya mapambazuko hata usiku wa manane, na alitaka kila mtu afanye vivyo hivyo. Aliyechoka alionekana mvivu. Aliyeuliza alionekana haba wa imani. Mwili wake uliharibika, akaishi kwa dawa kali za kutuliza maumivu. Mkewe, aliyekuwa akiongoza kazi ya misheni kule Uingereza, alimtembelea mara moja tu, mwaka 1928, kwa muda wa wiki mbili hivi. Mwaka uliofuata mama huyo akafariki mbali naye. Na lililo chungu zaidi, katika miaka ya mwisho ya 1920 alitofautiana na Alfred Buxton, yule kijana wa hema moja, ambaye sasa alikuwa mkwewe, akamwondoa kazini. Kamati ya nyumbani nayo ikavutana naye. Alfred alikwenda kuhubiri Ethiopia na Somalia, akafa London mwaka 1940 katika mashambulizi ya mabomu. Charles alifariki Ibambi tarehe 16 Julai 1931, akiombolezwa na Wakongo wengi sana waliompenda. Hakika waliompenda walikuwa na sababu. Na waliovunjika moyo nao walikuwa na sababu.

Hapa ndipo niliporudia ile sheria ya kriketi. Uwanjani kulikuwa na mtu wa kumwambia Charles kwamba mipira yako minne imekwisha, mpishe mwenzako. Alitii, akawa hodari kuliko wote. Msituni hakukuwa na mtu aliyeruhusiwa kumwambia hivyo. Alitaka kurusha kutoka pande zote mbili, siku nzima, peke yake. Moyo ule ule wa kujitoa kabisa uliompa ushindi Cambridge na uliompeleka China, ulipokosa rafiki wa kuuzuia ulimjeruhi yeye na wenzake. Kwa hiyo sidhani kwamba tatizo la mwanafunzi mchezaji ni hesabu ya saa: saa ngapi uwanjani, saa ngapi maktabani. Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka, na ni kweli, kama anashika peke yake. Mwenye rafiki wa kweli anao mkono wa tatu.

Mimi mwenyewe nilijifunza hili mapema, kwa aibu. Nikiwa chuo cha ualimu, miaka ya mwanzo ya 1980, nilicheza mpira wa miguu, na nilijiona mtu. Siku chache kabla ya mkufunzi kuja kunikagua katika mazoezi ya kufundisha, timu ilialikwa wilaya ya jirani. Mwenzangu wa bweni, ambaye hakuwahi kugusa mpira, aliniambia nisiende, maana sikuwa na andalio la somo wala zana. Nilimkasirikia, nikamwambia ananionea wivu. Nikaenda. Tulifungwa, lori likaharibika njiani, nikafika alfajiri ya siku ya ukaguzi nikiwa na vumbi hata masikioni. Nilipoingia Darasa la Tano, nilikuta ramani ya Tanzania imebandikwa ukutani, imechorwa vizuri kwa mkono, mito yote na maziwa yote, na Ruaha yetu imepakwa buluu. Alikuwa ameichora usiku kwa mwanga wa kibatari. Somo nililifundisha vibaya, lakini sikuanguka. Nilichukua wiki mbili kupata ujasiri wa kumwomba msamaha. Angenyamaza ili asiniudhi, angebaki rafiki yangu wa mezani tu.

Mtume Paulo, anapowaandikia Wakorintho, hutumia mfano wa wakimbiaji wanaojizuia katika yote ili wapate taji. Hakuudharau mchezo, aliuchukua kuwa darasa. Naye Mhubiri hutukumbusha heri ya wawili, kwamba mmoja akianguka mwenzake humwinua. Nadhani vijana wetu walioko Mkwawa na vyuo vingine, na hawa wanaokimbia jioni katika baridi ya Tosamaganga, wanahitaji maandiko yote mawili kwa pamoja.

Basi nilimrudia yule mzazi. Nilimwambia asimkataze kijana mpira, bali ampigie simu na kumwuliza jambo moja: ni nani huko chuoni anayeweza kumwambia leo usicheze, naye akasikia? Akiwa na jina la kutaja, mzazi alale usingizi. Akikosa, hapo ndipo pa kuanza kuomba, na kupanda basi kwenda kumwona. Mzazi alipiga simu. Kijana alinyamaza kwa muda, hata baba akadhani mtandao umekatika. Kisha akataja jina la mwanafunzi mwenzake wa chumba, ambaye kwa wiki tatu walikuwa hawasemezani. Baba alimsihi aende kwake jioni ile ile.

Nasi tulio wazee tujiulize swali hilo hilo, maana Mzee Studd hakuwa kijana alipolihitaji zaidi. Bwana awape wanafunzi wetu nguvu za mwili, akili za kusoma, na marafiki wasionyamaza. Amina.